Tiketi Kumi na Mbili za Kwenda Mugumu

Kuacha pombe kulinigharimu Jumamosi kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa zangu, na moja ilikuwa ya mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na ya ziada. Nimehesabu mara mbili. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili: mbuzi wakiingia zizini, chenji, vijiko wageni wakishaondoka. Hesabu hii nimeirudia kwa zaidi ya miaka kumi nikitafuta pa kupunguza, kwa sababu dalali akitafuta vizuri hakosi pa kupunguza. Hii haipungui.

Wiki iliyopita shemeji zangu walibomoa nyumba ya marehemu mama yao kule Turwa ili wajenge ya matofali. Juu ya ukuta, pale bati linapokutana na udongo, wakakuta kopo la mafuta ya kupikia limefungwa kwa kitambaa. Mke wangu, Rhobi, alikuja nalo hapa nyumbani Nyamisangura amelipakata kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na vifungo vya shati, kadi ya kliniki, na vipande vya tiketi za basi vilivyofungwa kwa uzi mweusi. Alivipanga mezani kwa safu mbili, akasogeza sahani zetu za chakula pembeni, ugali ukapoa. "Baba Ghati, njoo uhesabu," akasema, "wewe si ndiye fundi wa kuhesabu?" Nikahesabu. Za kwenda Mugumu kumi na mbili. Za kurudi Tarime kumi na moja. Akaniuliza, "Moja imepotea?" Nikasema tiketi hupotea. Akaniuliza, "Na Mugumu mama alikuwa na nani? Sisi hatuna mtu Mugumu." Nikasema mbuzi wanalia, ngoja nikawaangalie. Mbuzi hawakuwa wanalia. Nilisimama zizini nikawahesabu, kumi na saba, nikawahesabu tena, kumi na saba, nikarudi ndani. Tiketi zilikuwa pale pale, na Rhobi alikuwa bado anazitazama.

Mwaka ule nilioacha pombe nilikuwa na miaka thelathini na tatu na nilikuwa dalali wa mbuzi aliyependwa sana na wauzaji, kwa sababu isiyo ya heshima. Viroba vilikuwa bado vinauzwa kila kibanda, unararua kwa meno, unameza, unaendelea na biashara. Asubuhi moja mnadani nilimuuza beberu mweusi mwenye sikio lililochanika. Mchana wa siku hiyo, baada ya viroba sita au saba, hesabu pekee ambayo sikuwahi kuirudia, niliona beberu mzuri sana, mweusi, mwenye sikio lililochanika. Nilibishana bei na mwenye mali nusu saa nzima, nikamfungua mbuzi mdomo, nikamsifu mpaka kwato, nikamnunua kwa bei kubwa kuliko ile niliyomuuzia. Mnada mzima ulikuwa umesimama kututazama. "Mura," mmoja akapiga kelele, akiniita kijana kwa Kikurya, "mbuzi amekukumbuka, amerudi!" Nilicheka kuliko wote. Asubuhi iliyofuata mikono ilitetemeka hata Rhobi akanishikia kikombe cha uji, na Ghati wetu, aliyekuwa na miaka minne, akauliza kama baba naye anafundishwa kunywa. Hapo hakuna aliyecheka. Rhobi alinifuta kidevu kwa ncha ya kanga, akaondoka na kikombe, na nikamsikia jikoni akimwambia mtoto kwa sauti ya chini, "Baba anaumwa, usimtazame sana."

Tabibu aliyenipokea zahanati alinionya nisiache ghafla bila kuangaliwa, akanipa dawa za siku chache, akasema baada ya hapo nitafute kikundi. Alisema "kikundi" kama mtu anayekutuma chumvi duka la jirani. Nilikubali. Niliamini ni kama kutafuta mbuzi: unazunguka, unashika mgongo, unauliza, unarudi kwa yule wa kwanza.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha kanisa, hapa hapa Nyamisangura, katika chumba cha kwaya chenye ngoma kona moja na majoho yaliyotundikwa ukutani kama watu waliokugeuzia migongo. Walikuwa watu wema, hilo siwapunguzii. Lakini pale ulisema mambo yako kwa kusimama, na waliokusikiliza walikuwa na shangazi, na shangazi zao walikuwa na vibanda sokoni. Nilisimama Jumatano. Alhamisi mteja wangu wa miaka mingi akanitajia bei ya matusi. Nikamuuliza kama amelogwa. Akasema kwa upole kabisa, "Nasikia ikifika saa nne mikono inakuwa haina adabu. Mimi nitakaa hapa kivulini mpaka saa nne." Akakaa. Saa nne nikakubali bei yake.

Cha pili kilikuwa cha wanaume watupu, pembeni ya mji, nyumbani kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Walikuwa wameamua kuacha pamoja. Kwa saa moja na nusu kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kila mtu alitaja pombe ilichomla: mmoja shamba, mmoja mke, mmoja alitaja jino na akalia kuliko yule wa shamba. Kisha mzee akasema sasa tufunge kikao, na mkewe akaleta chungu na mirija mirefu. Nilidhani tunapimwa.

"Mzee, shikamoo tena," nikasema. "Hii ni ya nini?"

"Marahaba. Hii ni ya kufungia."

"Si tumeapa kuacha?"

"Tumeapa. Kiapo utakifungaje kwa maji, mura? Kitafunguka."

Hakuwa anatania, na wala hakuwa mjinga. Kwetu shamba hulimwa kwa pombe, ugomvi hupatanishwa kwa pombe, mtoto hupewa jina kwa pombe. Walikuwa hawajui njia nyingine ya kuonyesha kwamba wanamaanisha. Nilivuta mrija kidogo kwa heshima. Heshima hiyo ilinichukua siku tatu, na Rhobi ndiye aliyenitoa kwenye mtaro.

Cha tatu kilikuwa Sirari, chumba cha juu, kikiongozwa na jamaa kutoka upande wa pili wa mpaka, mchangamfu, aliyemwita kila mtu bosi. "Bosi, hapa hakuna kuhukumiana. Keti, sema yako, ukimaliza unajiskia poa." Labda ningejisikia poa. Lakini chini yetu ilikuwa stoo ya bia, na saa nzima wapakiaji walikuwa wanabeba makreti, chupa zikigongana. Tulikuwa watu tisa tunaongea juu, na kila chupa ikigonga tulinyamaza wote tisa kwa pamoja. Sikurudi.

Watu hudhani mlevi hukosa nia. Mimi nia nilikuwa nayo, ningeweza hata kuiuza kwa kilo. Nilichokosa ni chumba. Katika mji kama wetu kila mtu ni shemeji wa mtu, na ukifungua mdomo kusema aibu yako, kuna sikio linaloipeleka nyumbani kabla yako. Nilifikia mahali nikaona nitakufa tu, kwa utaratibu, kama watu wengine niliowajua, na kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyekuwa amenitajia bei mapema.

Aliyenitoa hapo ni bwana mifugo mmoja wa Serengeti, mtu wa Iringa, aliyeniona mnadani nimeshika soda naitazama kama adui. Akaniambia wapo watumishi pale Mugumu, walimu, wauguzi, maofisa, wote watu wa kuja, hukutana kila Jumamosi saa nne. "Hakuna atakayekujua," akasema. "Na wewe hutamjua yeyote." Nilimuuliza mara mbili kuhusu hilo la pili. Akaniapia.

Chumba kilikuwa nyuma ya darasa la kushona. Kilikuwa na viti tisa vya plastiki, meza yenye chupa ya chai ya tangawizi, bakuli la karanga za kuchemsha ambazo hazijamenywa, madirisha mawili na milango miwili: wa mbele, wenye msumari wa kutundikia makoti, na wa nyuma, wa kwendea chooni. Milango hiyo niihesabu vizuri hapa, kwa sababu nitaihitaji baadaye. Niliingia nikiwa nimevua kofia, nikasema hamjambo, na katika kiti cha tatu kutoka dirishani akawa ameketi mama mkwe wangu.

Kwa asiyetoka kwetu ni lazima nieleze. Mama mkwe hupeani naye mkono. Huli naye, huketi naye chumba kimoja, ukimwona njiani unaingia porini, na ukisema neno chafu akasikia, umemvua nguo. Jina lake sijalitamka mpaka leo. Sasa fikiria kusimama mbele yake useme ulivyojinyea mnadani. Fikiria na yeye aseme yake. Nilirudi kinyumenyume nikapiga ndoo ya maji, ikamwagika. Yeye alijifunika kichwa kwa kanga yake ya njano, akageukia ukuta. Sote wawili tulikuwa tumevuka Mto Mara ili wakwe wasituone.

Aliyeongoza kikundi alikuwa Sista Editha, muuguzi wa kutoka Songea, mama mnene mwenye kicheko. Alinifuata nje, akanikuta nimejibanza nyuma ya tangi la maji.

"Mmegombana?"

"Hapana, Sista. Ni mkwe wangu."

"Basi si ndiyo vizuri? Mtasaidiana!"

Mwalimu Shabani, mtu wa Kigoma aliyekaa Mara miaka mingi, akatoa kichwa dirishani. "Sista, hapa si Songea. Hao ukiwaweka chumba kimoja watakufa kabla pombe haijawaua."

Ndipo biashara ikaanza, biashara ya ajabu kuliko zote nilizofanya, Sista akienda na kurudi kati ya chumba na tangi. Nilimwambia kwanza ampe shikamoo yangu. Akarudi: "Anasema marahaba. Anasema umekonda." Nikasema amenionaje na ameangalia ukuta? "Sijui, anasema umekonda." Nikasema basi mwambie mimi naondoka, nitatafuta kikundi kingine. Sista alikwenda, akakawia, akarudi ameshika kiuno. "Anauliza, kipi? Anasema cha kanisa amepita, cha Sirari amepita, na hicho cha wanaume hawakumruhusu ila alisikia kinavyofungwa." Nilicheka nyuma ya tangi, na kupitia dirishani nikasikia kicheko kingine, cha puani, kilichokatwa haraka. Ni mara pekee tuliyocheka pamoja. Nikapendekeza tugawane saa, lakini chumba kilikuwa chetu mpaka saa sita tu. Ikabaki kugawana Jumamosi, moja yangu, moja yake. Nani aanze? Nilijiandaa kushindana. Yeye ndiye aliyetangulia, ile ilikuwa wiki yake ya tatu, haki ilikuwa yake. Sista akarudi na jibu: "Anasema uanze wewe. Anasema binti yake analala na wewe, halali na yeye."

Kwa mara ya kwanza maishani nilikubali bei ya kwanza.

Tukawekeana alama. Siku yangu natundika kofia kwenye msumari wa mlango wa mbele, siku yake anatundika kanga ya njano. Atakayekuja na kukuta alama ya mwenzake hataingia. Rhobi nilimwambia Mugumu kuna mnada mzuri. Mama yake, nadhani, hakumwambia kitu. Na ndivyo miezi ilivyokwenda: Jumamosi yangu nasema yangu, Jumamosi yake asema yake, na hatukuonana hata siku moja. Lakini habari zake nilizipata. Nilizipata kwa maganda ya karanga. Sista alikuwa hafagii kila wiki, na chini ya kiti cha tatu kutoka dirishani nilikuta maganda ya wiki iliyopita. Mwanzoni yalikuwa yamesagika, vipande vipande, ganda la mtu ambaye vidole vinamkimbia. Yangu yalikuwa hivyo hivyo. Baada ya mwezi yakawa vipande vinne, vitano. Kufikia wiki ya kumi na kitu yalikuwa yamepasuliwa katikati, nusu kwa nusu, safi, kama yamekatwa na fundi. Niliyatazama maganda yale kwa furaha ambayo sijui niiite nini. Nilitaka kumwambia Rhobi, mama yako amepona vidole. Nilikula karanga zangu nikajitahidi nami niyapasue katikati, ili Jumamosi yake naye aone.

Vyumba hivyo vina sheria kwamba lililosemwa halitoki. Mwalimu Shabani alikuwa mtu mzuri lakini mdomo wake ulikuwa na tundu. Siku moja akimimina chai akasema, bila kutaja mtu, "Huu msimu wa tohara unawaogopesha watu. Mama mmoja juzi alisema nyumba yake iko njiani, ngoma zote zinapita mlangoni, na kila jirani anayepika pombe anampelekea. Anasema akiipita hiyo Desemba ataipita na nyingine." Mimi nikanywa chai yangu. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Msimu ukaanza. Mji mzima ukawa unanuka kimea, kila mtu mnadani anauza kwa sherehe na ananunua kwa sherehe, na mimi nikawa napita katikati kama mtu aliyebeba mayai. Nilikwenda Jumamosi yangu, nikatoka nikiwa bado naiwaza pombe. Nilijua wiki mbili bila kile chumba sitazivuka. Nikampigia Sista simu: amwombe mama aniazime Jumamosi yake inayokuja, nami nitamwachia yangu inayofuata. Jibu likaja jioni. "Anasema chukua. Anauliza, ile nyingine una hakika ni yake?" Nikasema mwambie nina hakika. Sista akasema, "Mwita, ana wiki mbili mbaya mbele yake." Nikasema nimeshasema nina hakika. Sauti yangu ilikuwa ileile ninayotumia nikimhakikishia mnunuzi kwamba mbuzi ana mimba.

Nikachukua ile ya kuazima. Ilinisaidia sana. Wiki iliyofuata, Ijumaa, nilikuwa Mugumu kwa biashara, niliuza vizuri, na wanunuzi wakanivuta baa kunipongeza. Nilikaa nao nimeshika glasi iliyojaa kwa muda ambao sikuuhesabu. Niliinusa. Niliiweka chini, nikatoka, nikaenda gesti nikakaa kitandani na viatu. Asubuhi nilikuwa mlangoni pa chumba kabla Sista hajafika na funguo. Akaniuliza, "Leo si ya mama?" Nikamwambia nitakaa mpaka afike tu, na tena kwa mvua hii hatafika, na tena ni mzee, alishasema atavumilia. Sababu tatu. Mnunuzi akikupa sababu tatu ujue anadanganya, hata moja ingetosha kama ingekuwa ya kweli. Nikatundika kofia kwenye msumari. Baadaye nilimwambia Sista kwamba niliitundika kwa mazoea. Si kweli. Niliitundika ili akija aione.

Nilikuwa katikati ya kusema wiki yangu ilivyokuwa ngumu. Mvua ilikuwa imekatika. Tukasikia miguu ya mtu anayekuja kwa haraka, mtu aliyewahi, tena miguu ya furaha, kisha ikasimama mlangoni. Kikohozi. Nilikijua. Chumba chote kikanigeukia. Nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka mlango wa nyuma. Nimezipima hatua hizo baadaye, mara mbili. Ningeinuka, ningepita chooni, ningeruka uzio, asingeniona wala nisingemwona, hakuna mila ambayo ingevunjika. Mwalimu Shabani alinionyesha ule mlango kwa macho. Nami nikaendelea kusema. Nilisema kuhusu glasi, jinsi ilivyokuwa na povu. Nilisema kama sentensi tatu zaidi, na nje miguu ikageuka.

Sista alitoka mbio. Alirudi baada ya muda, kanga zimelowa matope, akaketi, hakunitazama.

"Amesema usiinuke," akasema. "Amesema umalizie."

Hakurudi tena. Niliacha Jumamosi tatu mfululizo ziwe zake, nikimpigia Sista kila moja saa nne na nusu. Hajafika. Hajafika. Hajafika. Wakati huo nilishajua, kwa sababu Rhobi alirudi kutoka Turwa Jumanne ile akasema mama ameletwa jana na lori la mahindi, hana kiatu kimoja, hasemi alikuwa wapi. Nauli ya kurudi aliinywa pale pale Mugumu. Kuanzia hapo kila ngoma iliyopita mlangoni mwake ilimkuta tayari. Tulimzika kabla mahindi hayajafika kiunoni. Nilipeleka ng'ombe, kama inavyompasa mkwe, ng'ombe mzuri, sikubishana bei, na watu wa Turwa wakasema huyu kweli ni mkwe. Nilisimama mbali na kaburi, kama inavyompasa mkwe pia. Nyumbani Rhobi aliketi kwenye kigoda jikoni, chakula walicholeta majirani kimerundikana kwenye mabakuli yaliyofunikwa, akasema akiangalia majivu, "Alikuwa ameanza kuacha, Baba Ghati. Wallahi alikuwa ameanza. Mikono ilikuwa imetulia, alikuwa anamsuka Ghati nywele. Kuna mahali alikuwa anakwenda Jumamosi, akakataa kunitajia. Kisha ghafla. Sijui nani alimkatisha tamaa." Akaniwekea chai. Nikainywa.

Na mimi sijanywa pombe tangu Jumamosi ile. Hilo ndilo linaloniua pole pole: ilifanya kazi. Ile Jumamosi isiyo yangu ndiyo iliyonivusha. Rhobi huwasimulia wanawake wenzake kwamba mume wake aliacha mwenyewe, bila mtu, kwa nguvu zake, na mimi huwa nakaa pale kama kitu kilichopakwa rangi. Kikundi bado kipo. Sista alistaafu akarudi kwao, siku anaondoka alinipa mkono akasema, "Ulimalizia?" tu, basi. Naenda bado, Jumamosi moja naenda, moja siendi. Zile zake sijazigusa. Ni Jumamosi mamia sasa, zimekaa, hakuna wa kuzichukua. Dalali mwenzangu angeniambia deni limeshalipwa na zaidi. Dalali mwenzangu hakusikia kile kikohozi.

Jana Rhobi alizifunga tena tiketi kwa uzi ule mweusi, akaziweka kwenye pochi. Akasema, "Wewe Mugumu unakujua. Jumamosi hii twende wote, tukaulize stendi, tukaulize sokoni, lazima kuna mtu anayemkumbuka mama mwenye kanga ya njano." Nikamwambia mvua. Nikamwambia biashara. Nilipofika sababu ya tatu nikanyamaza mwenyewe.

Nimehesabu. Jumamosi hii ni ya mama yake. Chumba watakifungua saa nne, na msumari bado upo mlangoni. Wewe unayesoma, ambaye labda una mkwe, labda una mke aliyekuamini miaka yote hii, nishauri, na usinipe ushauri wa bei ya kwanza: nimwambie Rhobi hapa nyumbani, kabla hatujapanda gari, au nimwache afike kwa miguu yake mpaka pale mlangoni aliposimama mama yake, ndipo nimwonyeshe mahali nilipotundika kofia?